Barua kwa Mwenye Akaunti

Barua ile iliingia tukiwa tunakata sare. Mke wa mwanangu alikuwa ameinama juu ya meza, mkasi mkononi, chaki sikioni, na simu yake ikalia ule mlio ambao sote mle chumbani tulikuwa tumeuzoea. Mlio huo maana yake ilikuwa moja tu: mzazi amelipa, kitambaa kikatwe. Akanyoosha mkono kuichukua huku anatabasamu. Akasoma. Tabasamu likaganda usoni kama nta.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "wametujua."

Huyu mke wa mwanangu tunamwita Mkasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Si mtu wa kuogopa ovyo. Nilipomwona anakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti, nikajua jambo limeingia ndani ya nyumba.

"Nani wametujua?" akauliza binti yangu wa mwisho, ambaye kazi yake ni vifungo na matundu yake, basi naye tunamwita Kifungo. "Wakina nani? Sema vizuri, usituue kwa presha."

Mkasi akasoma. Juu kulikuwa na alama ya kampuni ya malipo, rangi zake zile zile, na chini yake maneno: *Onyo la mwisho. Mpendwa mteja, tumebaini kwamba taarifa za mwenye akaunti hii haziko sawa. Thibitisha leo kabla ya jioni. Usipothibitisha, akaunti itafungwa na fedha zote zilizomo zitazuiliwa. Bonyeza hapa.*

Cherehani ya Kifungo ikanyamaza.

Inabidi nieleze kwa nini maneno yale yalitukata maini. Mwenye akaunti alikuwa mume wangu. Watu wote walimwita Fundi, na akaunti ile aliifungua mwenyewe, kwa jina lake, ili wateja walipe kwa simu badala ya kuja na noti zilizolowa jasho. Kisha akaugua, akatutoka. Tulipomaliza msiba, mwanangu, ambaye ni dereva wa lori la safari ndefu, akasema tutabadilisha jina mambo yakitulia. Lakini alishasikia kwamba kampuni ikijua mwenye akaunti amefariki, inaifunga kwanza, hadi karatasi za mirathi zipatikane, na karatasi hizo huzunguka ofisi kwa ofisi kama mbuzi aliyekata kamba. Na mambo hayakutulia. Kila tulipotaka kwenda, kulikuwa na kazi iliyotakiwa kesho. Basi marehemu akaendelea kuishi ndani ya simu. Watu wakawa wanamlipa, naye ananunua uzi.

Simu yake ilikaa shingoni kwangu, ndani ya kimfuko nilichokishona kwa masalia ya kitambaa. Hela ikitaka kutoka, kampuni hutuma namba za kuidhinisha kwenye laini yake. Mkasi huniita, "Mama, nisomee," nami huvaa miwani nikamsomea. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, hiyo na kufumua. Mishono inayokwenda kombo huletwa kwangu, maana wao hawana subira ya kuvuta uzi mmoja mmoja.

Msimu ule akaunti ilikuwa imejaa kuliko siku zote, na hazikuwa hela zetu. Shule iliyo ng'ambo ya barabara ilikuwa imebadilisha sare, mwalimu mkuu akatupa sisi kazi nzima, na wazazi wakatanguliza malipo ili tununue kitambaa. Kuna mama mmoja muuza mboga ambaye alilipa vipande vipande, kila kipande kikiingia anapita dirishani kuuliza, "Imefika?" Fedha zile zikipotea, hatungekuwa mafundi tena katika mtaa ule. Tungekuwa wezi.

"Tuwapigie kampuni," nikasema.

"Tuwaambie nini, mama?" Mkasi akanigeukia. "Watauliza, mwenye akaunti yuko wapi? Tuseme yuko chooni?"

Kifungo akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kisha akauliza lile lililokuwa kichwani mwa kila mmoja. "Nani kawaambia?"

Ndipo chumba kikabadilika. Sijui niseme vipi. Tulikuwa watu watatu tunaokula sahani moja, na mara tukaanza kuangaliana kwa pembe za macho. Mkasi akamtaja shemeji yangu, ndugu wa marehemu, kwamba tangu msiba ana kinyongo. Kifungo akasema labda ni mpiga pasi wa chumba cha pili, maana husikiliza ukutani. Kisha Mkasi akamwuliza Kifungo kama hajawahi kumwambia yule mchumba wake. Kifungo akainuka na pindo mkononi. "Yaani wifi, mimi? Mimi ndiyo nimuuze baba yangu?" Nami nikajikuta nafunga dirisha, mchana kweupe, joto limetujaa, kama vile kuna mtu amesimama nje anatuhesabu pumzi.

"Muda unakwenda," Mkasi akasema. "Imesema kabla ya jioni."

Akabonyeza.

Ukafunguka ukurasa wenye rangi za kampuni. Ukaomba namba ya akaunti, akaweka. Ukaomba neno la siri, akaweka. Ukaomba namba ya simu ambayo mhudumu atapiga, akaweka yake. Kisha ukaandika, *Asante, tafadhali subiri*, na kiduara kikawa kinazunguka, kinazunguka. Sikukipenda kile kiduara. Kilinifanya nimfikirie mtu anayefikicha mikono.

Simu ikaita kabla kiduara hakijasimama.

Mkasi akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Alikuwa mwanamume kijana, sauti laini, yenye adabu. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengine wakizungumza na simu zikiita, kama ofisini hasa.

"Habari za mchana, mama yangu. Nakupigia kutoka kitengo cha usalama. Poleni kwa usumbufu. Naomba kuzungumza na mwenye akaunti."

 Mkasi akaniangalia, mimi nikamwangalia Kifungo, Kifungo akaangalia sindano.

"Amesafiri," Mkasi akasema.

"Ahaa." Akanyamaza kidogo tu. Na katika kule kunyamaza, mimi nilimsikia akitabasamu. "Amesafiri. Sawa, haina shida, mama yangu. Sisi sote ni binadamu. Kwa utaratibu ningetakiwa kuifunga, lakini naona nyie ni watu wazuri. Nitawasaidia. Ila hili jambo libaki hapa hapa baina yetu, tumeelewana? Msimpigie mtu mwingine wa ofisini, maana akiingia mwingine, atafuata sheria."

"Asante, kaka," Mkasi akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mungu akubariki."

Hebu fikiria. Tulimdanganya, naye akatusamehe, na tangu hapo tukawa watu wake.

"Sasa kuna namba ndogo inaingia kwenye simu ya mwenye akaunti. Simu hiyo mnayo?"

"Anayo mama mkwe wangu."

"Mwambie anisomee."

Kimfuko kikatetemeka kifuani kwangu. Nikaitoa simu, nikavaa miwani, nikaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Mimi, nikisoma, huanza mwanzo. Ndivyo nilivyofundishwa, kidole chini ya neno, neno hadi neno, na hadi leo nikirukia katikati maneno hunipotea. Mkasi huwa analalamika, "Mama, namba tu, namba tu," lakini ameshazoea kunisubiri. Basi nikaanza kwa sauti, kama siku zote.

"'Um-e-omba… Umeomba kuhamisha fedha zote…'"

"Ruka hayo, mama," yule kijana akasema.

"'…zote zilizomo kwenye akaunti yako…'"

"Ruka hayo maneno, mama yangu. Hayo ni ya kawaida tu, kompyuta inaandika yenyewe. Shuka chini kwenye namba."

"Mwanangu, mimi siwezi kuruka. Nikiruka napotea. Nisubiri. 'Kama si wewe… uliyeomba, usitumie namba hii. Usimpe mtu yeyote, hata akisema ni… ni mfanyakazi wetu.'"

Nikainua macho. Mkasi alikuwa amenyoosha mkono, kiganja wazi, kama mtu anayedai chenji. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Mama, nipe. Nipe niisome mimi, tutafungiwa!"

"Imesema kuhamisha."

"Ni maneno ya kompyuta, si amesema? Mama, watoto wa watu! Nipe!"

Akashika uzi wa kimfuko. Ninataka mjue kwamba tangu aolewe katika nyumba ile hajawahi kuninyang'anya hata kijiko. Nilihisi uzi umenibana nyuma ya shingo. Nikafunika simu kwa viganja vyote viwili, nikaikandamiza kifuani, wala sikuwa nimejua bado kwamba nafanya jambo la maana. Nilikuwa naogopa tu. Nilikuwa naogopa kwamba labda yeye ndiye yuko sawa, na mimi ndiye nitakayeizamisha nyumba kwa ukaidi wa kizee.

"Mama," sauti ikasema kwenye meza, "namba hiyo inakufa sasa hivi. Ikifa, mimi siwezi tena kuwasaidia."

Kifungo akainama juu ya simu, vifungo vitatu bado viko mdomoni. Akavitema kwenye kiganja.

"Kaka, samahani. Huyo mwenye akaunti unayemtaka, anaitwa nani?"

 Nyuma ya yule kijana zile sauti za ofisi ziliendelea, na ndipo nikasikia kwamba yule mwanamke aliyekuwa akikohoa kule nyuma alikohoa tena kikohozi kile kile, na baada yake simu ile ile ikaita vile vile. Kama kitu kinachorudiwa.

"Kwa usalama wa mteja hatutaji majina kwenye simu."

"Jina la kwanza tu."

"Dada, unapoteza muda."

"Basi herufi yake ya kwanza. Hata niambie ni mwanamume au mwanamke. Barua yako imesema mpendwa mteja. Mpendwa yupi?"

Mkono wa Mkasi ukalegea kwenye uzi.

Na yule kijana akabadilika. Sijawahi kusikia sauti ya mtu ikigeuka hivyo, ni kama kugeuza nguo upande wa ndani, ukaona mishono yote. Akatutukana tusi ambalo sitaliandika. Akasema tutaona. Akasema, "Nyie bibi, nimeshaingia ndani tayari." Kisha akakata.

Hakuna aliyemsaliti Fundi. Si shemeji, si mpiga pasi, si mchumba. Yule mtu hakujua kama kuna Fundi, wala kama kuna kaburi. Barua ile ile lazima aliituma kwa watu wengi asiowajua, akingoja kuona ni nani atakayeshtuka, na sisi tukashtuka kwa sababu tulikuwa na la kuficha. Kifungo aliyaelewa hayo mara moja. Mimi niliyaelewa baadaye njiani.

"Amesema ameingia," Mkasi akanong'ona. "Neno la siri nimempa mimi. Kwa vidole vyangu hivi."

Akaifungua akaunti kwa njia yake ya kila siku, bila kupitia ile barua. Na humo ndani, kweupe, hapakuwa na onyo lolote. Hapakuwa na habari ya kufungwa wala ya kuthibitisha. Hela zote zilikuwepo. Alitazama hivyo kwa muda wa kumeza mate tu, kisha kioo kikafifia, kikamtoa nje, na alipojaribu kurudi kikasema neno la siri si sahihi. Akajaribu tena. 

"Amebadilisha. Amenifungia nje ya nyumba yangu."

Akampigia mumewe barabarani. Sauti ya mwanangu ilikuja imechanganyika na ngurumo ya lori. Aliposikia tunataka kwenda ofisi ya kampuni alipandisha sauti. "Msiende! Mkiwaambia baba amefariki wanafunga leo leo! Hizo sare mtashonea magunia?"

"Na tusipokwenda?" Mkasi akauliza.

"Subirini nirudi."

Nikamwomba Mkasi anipe simu. "Baba," nikamwambia mwanangu, maana akikasirika humwita hivyo ili apoe, "kuna mtu amekaa ndani ya akaunti ya baba yako sasa hivi. Kitu pekee anachokosa kiko shingoni kwangu. Unataka nikae nacho hadi urudi?"

 Akasema, kwa shingo upande, "Nendeni."

Tulifunga chumba tukaenda kwa miguu, hatukutaka kukaa karibu na watu. Na kule ofisini kulikuwa na foleni. Tukakaa kwenye benchi, mimi katikati, wao huku na huku kama askari na mahabusu. Sijakaa hata dakika moja, kimfuko kikatetemeka. Nikaitoa. *Umeomba kuhamisha fedha zote…* Nikairudisha. Kikatetemeka tena.

"Anajaribu," Kifungo akasema.

"Hawezi bila namba," Mkasi akasema, kisha akaniangalia. "Si kweli, mama? Hawezi?"

 Watu walikuwa wanacheka kuhusu mpira, mtoto analia kutaka maji, na mimi nilikuwa nimekaa pale huku mtu nisiyemjua anagonga kifuani kwangu, anagonga, anangoja, anagonga. Niliweka mkono juu ya kimfuko kama unavyomtuliza mtoto mwenye homa. Kila kilipotetemeka niliwaza labda hii ndiyo ya mwisho, labda sasa amepata njia nyingine. Mzee mmoja mbele yetu alikuwa anabishana na dirisha kuhusu saini yake, haishi. Mkasi akainuka, akaenda moja kwa moja mbele.

"Wazee wangu, nisameheni, tunaibiwa sasa hivi tukiwa tumekaa hapa."

Yule mzee akamtazama, akakunja karatasi zake, akapisha.

Dada wa dirishani alikuwa mwanamke mwenye macho yaliyochoka. Mkasi akaeleza barua, ukurasa, simu, neno la siri. Alikuwa akieleza haraka, anameza maneno. Dada akawa anaandika, haonyeshi kushangaa.

"Naweza kuifunga sasa hivi," akasema. "Lakini nahitaji mwenye akaunti. Yuko wapi?"

 Nilimwona Mkasi anatafuta safari nyingine ya kumpeleka marehemu. Na kimfuko kikatetemeka.

Nikasogea dirishani. "Amefariki, mwanangu. Mimi ni mkewe. Tumeitumia tangu tulipomzika. Hela zilizomo ni za wazazi wa watoto wa shule, si zetu, na huyo mtu anazitaka."

Nyuma yetu watu wakaacha kuongea habari za mpira.

Dada akaacha kuandika. "Bibi, nikiifunga kwa sababu hiyo, haifunguki hadi karatasi za mirathi zije. Inaweza kuchukua wiki nyingi. Umenielewa?"

"Hataweza kuzichukua?"

"Hakuna atakayezichukua. Yeye wala nyie."

Nikamwangalia Mkasi. Uamuzi ulikuwa wake kuliko wangu, maana ndiye atakayesimama mbele ya wazazi. Alikuwa anauma mdomo hadi umepauka. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Dada akapiga vidole kwenye kompyuta. Kimfuko kikatetemeka mara moja zaidi, kisha kikatulia. Nikakishika, nikasubiri. Kimetulia kabisa. Sikufurahi. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akigonga mlango amenyamaza, na hujui kama ameondoka au amezunguka nyuma.

"Sikilizeni," dada akasema akitupa orodha ya karatasi za kuleta. "Sisi hatuombi neno la siri, wala zile namba, kwa barua wala kwa simu. Hata mimi hapa sijawaomba. Barua ikija, msipitie humo. Fungueni wenyewe, au njooni. Na atawatafuta tena. Wakishajua kuna mtu anayejibu, hawachoki."

Tukatoka. Jua lilikuwa limelala juu ya mabati. Mkasi akasema anakwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, kabla habari haijafika kwa miguu mingine. Atamwambia kitambaa kitachelewa, hela zipo lakini zimefungwa, na kosa ni lake. Nikamwambia kosa la jina la marehemu ni la sisi sote, twende wote. Kifungo akasema basi tupitie kwanza kwa yule mama wa mboga, aisikie kwetu.

Tulikuwa tunavuka barabara simu ya Mkasi ilipoita. Namba ngeni. Akasimama pembeni, akaipokea, na safari hii hakuogopa.

"Unamtaka mwenye akaunti?" akasema. "Amekufa. Umesikia? Tumeshamzika, na akaunti imefungwa. Kapige kwa wengine."

Nilitegemea tusi. Badala yake ile sauti laini ikarudi, yenye adabu, kama vile hatujawahi kuzungumza.

"Oh. Poleni sana kwa msiba, mama yangu. Mungu ampumzishe. Basi hapo mnahitaji kitengo chetu cha mirathi. Ni rahisi tu, msihangaike na foleni za ofisini. Nawatumia fomu sasa hivi."

Mkasi akaiondoa simu sikioni polepole. Tukaitazama, sisi watatu, pale kando ya barabara, magari yanapita. Ikalia ule mlio wake. Barua ilikuwa imeshaingia, na safari hii haikusema mpendwa mteja. Ilisema: *Mpendwa mjane.*